Mti wa Mama Katika Chungu

Barazani pangu hapa Buhembe, katika mji wa Bukoba, pana mti wenye umri upitao miaka 40, na urefu wake haufiki futi mbili. Shina lake ni nene kama paja la mtu, nao umesimama katika chungu kipana ambacho mtoto wa darasa la tano aweza kukisogeza kwa shida. Wageni wakiuona hucheka kwanza, kisha huuliza kama umerogwa. Haukurogwa. Nimeulizwa mara nyingi sana habari zake, hata nimeona afadhali niziandike mara moja, pamoja na yale niliyoyakosea, ili mtu akitaka kujaribu asije akarudia makosa yangu.

Mti wenyewe ni mbogenvilia, ule wenye miiba na maua ya rangi ya zambarau uliopandwa mbele ya nyumba nyingi za mji wetu. Kwetu watu wengi huuita "maua" tu, kana kwamba hakuna maua mengine. Mama yangu alileta kijiti chake kutoka Muleba mwaka 1979, vita vya Kagera vilipokwisha, akakichomeka kando ya mlango wa nyumba yetu. Nilikuwa mtoto mdogo, na nakumbuka kwamba baba alimcheka, akasema mahali pale pangefaa mgomba. Mama hakujibu neno. Kijiti kikashika, kikawa kichaka, kichaka kikapanda juu ya bati, na kila mwaka katika mwezi wa Julai nyumba yetu ilionekana toka mbali kama imefunikwa kitenge kipya.

Asili ya mti huu si Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, nao umepewa jina la nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kwa merikebu tangu mwaka 1766 hata 1769. Aliyeuokota na kuuandika ni mganga na mjuzi wa mimea aliyesafiri naye, jina lake Philibert Commerson. Tena lipo jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuliamini mpaka nilipowapa kila mmoja ua lake alichane kwa mikono: kile chenye rangi tunachokiita ua si ua, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vijibomba vidogo vyeupe vilivyofichwa katikati, vitatu vitatu.

Mama alifariki mwaka 2013. Nyumba ikabaki na ndugu yangu mdogo, maana mimi nilikuwa nimekwisha kujenga kwangu. Hata ikafika Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, nchi ilipotetemeka. Wenyeji wa Kagera hawana haja ya kusimuliwa. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9, watu walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka. Majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, yaliyokuwa fahari yetu, yaliharibika vibaya. Nyumba ya mama ilianguka ukuta wa mbele wote, na matofali yakalala juu ya mbogenvilia. Namshukuru Mungu kwamba ndugu yangu na watoto wake walikuwa shambani saa ile. Wakalala chini ya turubai mpaka mvua za Novemba zikawakuta humo.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujisifia. Mwanzo wa mwaka 2017 ndugu yangu alipata fedha kidogo za kujenga upya, naye akaamua kusogeza msingi mbele, kwa kuwa kibanja chetu kilikuwa kimegawanywa na mahali hapatoshi. Msingi ulipita pale pale penye mti wa mama. Akaniambia, "Kaka, nitaung'oa." Nikakasirika. Nikamwambia maneno ambayo mtu mwenye nyumba salama hapaswi kumwambia mtu alalaye chini ya turubai. Nikamwambia kwamba hana kumbukumbu na hana heima kwa marehemu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Wewe unataka mti. Mimi nataka ukuta." Tukaachana hivyo. Kwa muda wa miaka mitatu tulisalimiana tu, kwa desturi, kama watu wanaokutana kwenye kituo cha basi.

Nilipofika asubuhi iliyofuata vibarua walikuwa wamekwisha kuukata matawi yote. Kimebaki kisiki. Niliwaomba wanipe, nao wakashangaa, lakini wakanipa. Mizizi ya mbogenvilia ni michache na huvunjika upesi kama muhogo mkavu, basi nilichimba kwa uangalifu pande zote, nikaikata kwa msumeno iliyokuwa mirefu, nikakifunga kisiki kwa gunia lililoloweshwa, nikakipakia juu ya baiskeli. Njiani mtu mmoja aliniuliza kama nimeishiwa kuni.

Mbona nilifikiri kukitia katika chungu? Miaka kadha kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam, na huko kando ya barabara, mahali wanapouza miche ya maua, niliona mti mdogo katika sahani ya udongo, umetengenezwa hata ukafanana na mti mkubwa wa porini ukitazamwa toka mbali. Muuzaji aliniambia kwamba kazi ile huitwa bonsai. Ni neno la Kijapani, na maana yake ni kupanda katika chombo kipana kisicho na kina. Wajapani waliipokea sanaa hiyo kutoka kwa Wachina karne nyingi zilizopita, wakaifanya yao. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 lililoangamiza mji wa Tokyo, baadhi ya mafundi wa miti hiyo walihama mjini, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao mahali paitwapo Omiya, ambacho kipo hata leo. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kitambo. Watu walioponea tetemeko walichukua miti yao wakaenda kuanza upya. Basi mimi nisingeshindwa na kisiki kimoja.

Upo na mti mwingine ambao habari yake huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Ni msonobari ulioanza kulelewa mwaka 1625. Mwaka 1945 ulikuwa katika bustani ya mzee Masaru Yamaki mjini Hiroshima, yapata kilometa tatu tu kutoka mahali bomu lilipoanguka, na ukuta wa bustani ukaukinga. Mwaka 1976 mzee huyo aliwapa Wamarekani mti ule uwe zawadi, na haukutajwa hadharani kwamba ulipona bomu. Mwaka 2001 tu ndipo wajukuu wake walipokwenda Washington kuutazama, wakaeleza habari hiyo.

Nirudi Buhembe. Chungu nilipata kwa mama mfinyanzi aliyekuwa na kimoja kilichopasuka mdomo. Nikakipasua mpaka nusu yake ya chini, nikakitoboa matundu matano kwa msumari wa moto, pole pole. Matundu ndiyo uhai wa mti. Bukoba yetu hupata mvua nyingi kupita sehemu kubwa za Tanzania, yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na mbogenvilia ni mti usiopenda miguu iliyolowa. Udongo wa kibanja peke yake hushikamana na kuoza mizizi. Nilihitaji kitu kigumu chenye vitundu, kinachoshika maji kidogo na kuyaachilia mengine. Vitabu vilitaja mawe ya Kijapani yasiyopatikana hapa. Nikafikiri siku mbili, kisha nikaenda usiku kidogo, kama mwizi, kwenye lile rundo la matofali ya nyumba ya mama, nikajaza ndoo mbili. Nikayaponda kwa nyundo, nikayachekecha, unga wake nikautupa na punje zilizo kama mahindi nikaziweka. Sehemu mbili za tofali, sehemu moja mchanga mnene wa ziwani uliooshwa, sehemu moja maganda ya kahawa yaliyooza sana. Huo ndio udongo wangu mpaka sasa, wala sijaona ulio bora.

Kisiki nilikiweka kivulini chini ya mtoma nyuma ya nyumba, nikakifunika mfuko wa nailoni. Wiki ya kwanza, hapana kitu. Wiki ya tatu, hapana kitu. Mke wangu akauliza kama anaweza kuazima chungu. Wiki ya sita nilikwaruza gome kwa ukucha nikaona kijani; nikafurahi, kisha nikajikwaruzia tena kila siku mpaka mke wangu akanikataza. Wiki ya nane ndipo macho mekundu yalipotokea ubavuni, madogo kama vichwa vya viberiti.

Katika siku hizo alinijia mzee mmoja jirani, mtu ninayemheshimu sana, ambaye hushika kibanja chake safi kuliko sote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauzunguka mti mara mbili kwa fimbo yake. Akasema, "Mwalimu, huu ni ukatili. Mungu aliumba mti urefuke. Wewe umeutia gerezani na kuunyima chakula." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujiuliza. Nikamjibu, "Tata, na ile mibuni yako?" Maana wazee wetu wa kahawa huinamisha mbuni ungali mchanga, wakaupigilia kwa kijiti chini, ili macho ya ubavuni yaamke na mashina mengi yasimame badala ya moja, kisha hukata vilele visije vikawashinda wachumaji. Kwa nini macho huamka? Kwa sababu ncha ya tawi hushusha maji ya namna fulani yenye kuyazuia macho ya chini yasichipuke. Ncha ikikatwa au ikiinamishwa, kizuizi hupungua. Mzee alijua jambo hilo kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Akafikiri, akasema, "Mbuni hunilipa." Sikuwa na jibu la hapo hapo, wala sina hakika kwamba ninalo leo. La chakula lakini alikosea, nami nilimwambia kwa adabu: mti huu haushindi njaa. Hupata mbolea kila baada ya majuma mawili wakati wa kuchipua, pengine kuliko mgomba wowote wa Buhembe. Unabaki mdogo kwa sababu mizizi na matawi hukatwa kwa kipimo, hivi kwamba juu na chini havishindani.

Kuhusu waya. Tawi changa la mbogenvilia laweza kuelekezwa kwa kulizungushia waya wa shaba au wa alumini, kisha kulikunja pole pole. Mimi nilichuna nyaya kuukuu za umeme. Tawi lililokwisha kuwa gumu halikunjiki, huvunjika kwa mlio kama wa fupa la kuku. Nilivunja mawili kabla ya kuamini. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Mwaka 2018 nilifunga waya matawi yote makubwa, kisha nikaitwa kusahihisha mitihani, na niliporudi kazi za shule zikanizidi. Ikapita miezi minne bila kuutazama vema. Katika nchi zenye baridi huenda wangeweza kusubiri zaidi. Kwetu mti hauna usingizi, hunenepa mwaka mzima, na waya ukawa umezama katika gome. Nilipoukata kwa koleo ulitoka na ngozi. Makovu yake yamezunguka tawi la kulia kama alama ya kamba kwenye shingo ya mbuzi, na hayatafutika. Sasa huukagua kila Jumamosi, na waya haupiti majuma sita. Usimwamini mtu akikuambia kwamba kovu la waya huleta uzuri. Huyo naye amesahau waya wake.

Jeraha kubwa nalo halifungi upesi katika mti huu, na mti wake ni laini, hivyo maji yakiingia huoza ndani. Palipokatwa na msumeno nilipapaka nta ya nyuki. Upande mmoja niliuacha, nikidhani kwamba hautadhuru. Leo pana shimo ambalo sisimizi wamelifanya nyumba. Tena kuna hasara zisizotokana na ufundi. Mwezi wa Novemba mwaka 2019, senene walipoangukia taa ya barazani, watoto wa jirani zangu na wangu pia waliruka juu yao kwa furaha yote, na tawi la kushoto, lile nililoliona kuwa zuri kuliko yote, likaenda nao. Niliwakaripia. Kisha nikala senene waliowakamata.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba mti haukutoa maua. Mwaka 2018, majani matupu. Mwaka 2019, majani matupu, mazuri, ya kijani, yenye kunidhihaki. Nilikuwa nikiumwagilia asubuhi na jioni, kwa kuwa nilijua ni mti wa mama na niliuhurumia. Nikauhamishia hata kivulini wakati wa jua kali. Hatimaye nilikumbuka jambo nililoliona utoto wangu wote pasipo kulifikiri: mti ule mkubwa ulichanua Julai, wakati mvua zimekatika na ardhi imekauka, wala hakuna mtu aliyeumwagilia kibaba. Mwezi wa Juni mwaka 2020 nikauweka mahali pa jua kutwa. Wakati ule shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona kwa miezi mitatu, basi nilikuwa nimepata nafasi ya kuutazama vizuri. Nikapunguza mbolea, nikakata ncha zote, maana maua huja juu ya machipukizi mapya, nikauacha usipate maji mpaka majani yalipoanza kulegea. Ndipo nikaupa kidogo, kisha nikauacha tena. Moyo uliniuma. Mwisho wa mwezi wa Julai ncha zikageuka rangi. Ilipofika Agosti chungu kile kilikuwa kama makaa ya zambarau.

Habari zikamfikia ndugu yangu. Sijui nani alimwambia. Akaja jioni moja, hakuja tangu mwaka 2017. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaukabili mti, akanywa chai yote bila kusema. Mwishowe akauliza, "Huu ndio ule?" Nikasema, "Ndio ule." Akaingiza vidole katika udongo, akatoa punje nyekundu, akazigeuza kwenye kiganja. "Na hili ni tofali la wapi?" Nikatamani kudanganya. Nikamwambia kweli, pamoja na habari ya usiku na ndoo mbili. Akacheka, akacheka sana hata akatoa machozi, nami sikujua yale yalikuwa machozi ya namna gani, wala sikumwuliza. Akasema, "Kaka, mimi nilidhani ni wezi wa mjini. Nilimfukuza kibarua mmoja kwa ajili ya matofali yale." Jambo hilo limenielemea. Nilimtafuta kibarua huyo nikamwomba radhi, naye alinisamehe, ila alisema kwamba msamaha haurudishi kazi ya miezi miwili, nikampa nilichoweza.

Ndugu yangu alipoondoka nilimkatia vijiti vinne, vinene kama kidole, nikamwambia avichomeke katika mchanga penye kivuli. Viwili vikashika. Alivipanda kwenye lango la nyumba yake mpya, mbali na msingi, na sasa vimepanda juu ya ukuta na kuning'inia upande wa barabara, vimejisokota ovyo, matawi yamepandana. Nikipita pale mikono hunisisimka, natamani makasi. Nilimshauri mara mbili akate ncha. Alinijibu kwamba mama hakukata ncha. Mimi huutazama wake, naye hutazama wangu, na kila mmoja humwonea mwenzake huruma kimya kimya.

Udongo wa chungu lazima ubadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mizizi ikatwe theluthi moja. Wangu umekwisha kushikamana, maji husimama juu yake kabla ya kuzama, na hiyo ndiyo dalili. Matofali yangu nayo yamekwisha. Jana nilimwuliza ndugu yangu kama lile rundo la nyuma ya nyumba lingalipo. Akasema lipo, limeota majani, nije Jumamosi mchana kweupe, na nyundo nije nayo mwenyewe.